Ile "Leo Tu" ya Kariakoo

Habari za jioni. Wa nyuma sogeeni, feni inayozunguka ni hii ya huku mbele.

Kwenye kanzidata ya ofisini kwenu, yaani ghala la taarifa kwenye kompyuta, programu inaingia kwa jina la nani? Naona mnacheka. Nilikuta duka moja la jumla Kariakoo, keshia, mhasibu, mtunza stoo na programu yenyewe wote wanatumia jina moja, tena la mkuu wa mfumo. Nywila imebandikwa kwa selotepu ubavuni mwa skrini. Mhasibu kaacha kazi, miezi mitatu bado anaweza kuingia, maana kubadili nywila ni kusimamisha mauzo. Na humo zimo namba za simu za wateja, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023.

Tukaandika skripti, yaani mfululizo wa amri, ya kumpa kila mtu jina lake na ruhusa zake. Natumia PostgreSQL, mfumo wa kuendesha kanzidata; humo, tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, mtumiaji na kundi huundwa kwa amri ileile, CREATE ROLE. Mmoja ana LOGIN, yaani ruhusa ya kuingia, mwingine hana, basi. Ruhusa linapewa kundi: makeshia wasome bei, waongeze mauzo, wasifute kitu. Mtu anaingizwa kundini kwa GRANT, anatolewa kwa REVOKE.

Ikaja Jumatatu. Usiku programu ilikuwa imeunda jedwali jipya la bidhaa zilizorudishwa. Asubuhi keshia anabonyeza, anagomewa, foleni imefika barazani. Kumbe tulipotoa ruhusa kwa "majedwali yote", ni yale yaliyokuwepo siku ile. Lililozaliwa baadaye halimo. Dawa yake ni ALTER DEFAULT PRIVILEGES, amri ya kupanga mapema ruhusa za majedwali yajayo, nayo ina mtego: inagusa majedwali yatakayoundwa na yule uliyemtaja tu. Usipomtaja mtu, ni wewe unayeiendesha. Kama muundaji ni programu, umetwanga maji kinuni.

Kijana wangu akataka kumpa keshia mamlaka yote, "leo tu, bosi". Nikamwonyesha ile selotepu.

Halafu, jina la mtumiaji likitoka kwenye fomu, msiligandishe tu kwenye amri, mtu asije akapenyeza amri yake humo. CREATE ROLE haipokei vigezo, yaani thamani zinazopelekwa kando ya amri, kama SELECT, ile amri ya kusoma data. Lipitisheni kwenye format, kitendaji cha kuunda maandishi ya amri, kwa alama ya %I, inayolifunga lisomwe kama jina tu.

Kufuta nako kuna ubishi. Anayemiliki majedwali hafutiki: kwanza REASSIGN OWNED, kuhamishia mali zake kwa mwingine, kisha DROP OWNED, kufuta ruhusa zake zilizobaki, katika kila kanzidata aliyogusa, ndipo DROP ROLE, kumfuta mwenyewe. Dada wa miwani, uliza.