Swali la Dawa Liulizwe Kabla ya Fungate

Assalaamu alaykum, hamjambo nyote. Nimepewa nusu saa tu kwa hivyo niingie moja kwa moja. Wengi hapa mshanisikia nikilisema hili barazani na kliniki, haidhuru, ntalisema tena, manake mpaka wiki hii kina mama waja na mimba ya miezi mitano ndo waniulize "hizi dawa nnazomeza zina neno?" Miezi mitano! Mgongo wa mtoto ushafunga zamani. Hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutunga, yani kama wiki mbili baada ya kukosa siku zako, na wakati huo wewe wadhani ni uchovu tu au ni hili joto la Malindi.

Sasa tazameni. Binti akiposwa hapa kwetu atafutiwa somo, yule mama wa kumfunda, afundishwa kila kitu, usafi, chumba, kukaa na mume, asingwa, apakwa hina, na katika siku zote hizo hakuna hata mmoja anayemuuliza, mwanangu, kuna dawa wameza kila siku? Swali hilo moja. Mimi nataka masomo walichukue, wala halihitaji digrii.

Kuna msichana mmoja, mtaa sitaji, alikuwa na kifafa tangu shule ya msingi. Akimeza kabamazepini asubuhi na jioni na ametulia kabisa, haanguki. Ikaja posa. Mamake akamwambia zile dawa usiende nazo, watu wa kule wasijue, na tena wasema dawa za kifafa humfanya mtu azae kilema. Hofu mbili zikafungwa kwenye leso moja. Pakiti zikabaki kwa mamake kabatini, chini ya nguo. Akaolewa, akakaa vizuri kwa muda, mimba ikaingia, kisha siku moja yuko jikoni peke yake akaanguka, mkono ukaingia kwenye makaa. Mume hajui lolote, akadhani ni mashetani, akaanza kwa mganga, hospitali baadaye, alipotufikia mkono ushaharibika na mimba yakaribia miezi sita na folik asidi, ile vitamini ya kusaidia mgongo wa mtoto ufunge, hajaonja hata tembe moja. Alijifungua salama alhamdulillahi, lakini vidole viwili havikunjuki mpaka leo. Na kinachoniuma ni kuwa lile waliloliogopa lilikuwa na jibu, jibu la dakika kumi! Kabamazepini ina hatari yake kidogo, si ya kumfanya mtu aitupe. Angebaki nayo kwa kipimo cha chini kinachomtuliza, angeanzishwa folik asidi ya miligramu 5 kabla ya mimba, na mume angefundishwa kwamba mtu akianguka mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Kuna atakayeniambia, wewe wasema tu, ukweli ukitoka posa itavunjika. Yaweza kuvunjika, kweli, na najua uchungu wake. Lakini mume atajua tu. Afadhali aambiwe sebuleni kuliko akukute sakafuni. Na mwingine atasema mtoto ni riziki ya Mungu, dawa haizuii wala haileti. Sawa, na huyo Mungu ndiye aliyetupa akili ya kuuliza.

Haya, iko dawa moja ya kifafa ambayo kweli ni ya kuogopa kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, valproeti, wengi mwaijua kwa jina la Epilim. Watoto 100 wakizaliwa na mama anayeimeza, kama 10 hupata kasoro za maumbile, mgongo wazi, yani ule usiofunga, ukiwa mmoja wapo, na 30 mpaka 40 waweza kuchelewa katika kukua na kujifunza. Kuwa dawa hii huleta mgongo wazi kulijulikana tangu 1982 huko Ufaransa, na 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi wanawake na wasichana wa umri huo wasianzishwe. Lakini nisikizeni vizuri, USIENDE NYUMBANI UKAITUPA. Kuikata ghafla kwaweza kukuua. Nenda kwa daktari ubadilishwe polepole, ziko lamotrijini na levetirasetamu, na mabadiliko hayo huchukua miezi, ndo sababu nasema kabla, kabla, kabla.

Na jengine, manake hili halisemwi: kabamazepini, fenitoini na fenobabito hupunguza nguvu ya vijiti vya mkononi na ya vidonge vya kupanga uzazi. Waambiwa umejikinga, kumbe hujajikinga, mimba yaja hukuipanga. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo, na koili ya kizazi pia.

Folik asidi ya kawaida, ya miligramu 0.4, ni ya kila anayepanga mimba hata kama hamezi dawa yoyote. Unga wa paketi hutiwa kwa sheria tangu 2012, lakini ule mnaosagisha posho mill hauna, msijidanganye.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Wa presha: enalaprili na losatani huharibu figo za mtoto, ziko badala yake, methildopa na nifedipini. Wenye valvu za moyo za bandia wanaomeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msikae hata wiki moja baada ya kukosa siku zenu bila kuja kliniki, na msiiache wenyewe, damu itaganda. Wa siko seli wanaomeza haidroksiurea, mwambie daktari miezi mitatu kabla ya mimba. Sukari ishuke kwanza, mimba baadaye. Wa ARV, ile hofu ya 2018 kuwa dolutegraviri huleta mgongo wazi ilichunguzwa zaidi na 2019 ikaruhusiwa kwa wote, endeleeni kumeza. Dawa za chunusi kali na za akili nilitaka kuzisema kwa urefu, siwahi.

Mkija kliniki njooni na pakiti zenyewe. "Ile tembe nyeupe" hainisaidii, zote ni nyeupe. Na mume aje pia, asibaki nje na simu. Haya, dada wa pale nyuma umeinua mkono tangu mwanzo, uliza.