Nguo ya mbio kwa mwili ulio nao leo

Ndugu zangu waogeleaji, habari za jioni, na asanteni kwa kunialika.

Nimekuja na nguo mbili. Hii nyeusi ina zipu mgongoni na inang'aa kama plastiki iliyolowa. Hii nyingine ni kitambaa kitupu, haina zipu wala kifungo. Kwa mbali, hii nyeusi ndiyo inayovutia, na mimi ilinivutia. Niliinunua mtumba, nikaenda nayo kwenye mashindano yangu ya kwanza ya watu wazima nikiwa na miaka 41. Mwamuzi alinisimamisha kabla sijafika kwenye jukwaa la kuanzia. Akaniambia kwa upole kwamba nguo za namna hii hazikubaliwi tangu 2010. Nilikuwa nimejiandaa miezi minane kwa mita 200 mtindo huru. Kipenga kikalia, wenzangu wakaruka, njia namba tatu ikabaki tupu, nami nimekaa kwenye benchi nimejifunga taulo.

Ndiyo sababu naanzia kwenye kanuni. Habari za saizi na bei zitafuata.

Mwaka 2008 kampuni ya Speedo ilitoa nguo iliyoitwa LZR Racer, ambayo vitambaa vyake vilipimwa kwa msaada wa NASA, shirika la anga la Marekani. Ilibandikwa vipande vya poliyurethani, aina ya plastiki, na kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka huo huo rekodi zilianguka moja baada ya nyingine. Mwaka uliofuata kampuni nyingine zikaja na nguo zilizokuwa poliyurethani karibu tupu, na kwenye mashindano ya dunia ya Roma, mwaka 2009, zikavunjwa rekodi 43 za dunia. Hapo ndipo Paul Biedermann wa Ujerumani alipomshinda Michael Phelps, bingwa wa Olimpiki kutoka Marekani, kwenye mita 200 mtindo huru kwa dakika 1, sekunde 42.00. Biedermann mwenyewe hakuficha kwamba nguo ilimsaidia.

Ilimsaidiaje? Poliyurethani haipitishi maji, hunasa hewa kidogo, na humbana mtu mpaka nyama zake zisitikisike. Mwili unakaa juu zaidi, nyonga hazizami. Sasa fikirini sisi watu wazima, ambao tatizo letu kubwa ni hilo hilo: miguu mizito inayoburuta nyuma kama nanga. Nguo ya aina ile ingetufaa sisi kuliko bingwa wa Olimpiki, na hapo ndipo mtego ulipo kwa mtu anayenunua mtumba bila kujua.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2010 shirikisho la dunia la kuogelea likafunga mlango. Kwenye bwawa, nguo ya mwanamume isipande juu ya kitovu wala isishuke chini ya goti. Ya mwanamke inaanzia mabegani hadi gotini, isifunike shingo wala isipite ncha ya bega. Iwe ya kitambaa, kisichozidi unene wa milimita 0.8, chenye kupitisha hewa. Kuelea kwake kusizidi nyutoni 0.5, yaani nguvu ya kuinua kama gramu 50 tu. Zipu hakuna, isipokuwa mwanamume anaruhusiwa kamba ya kukaza kiunoni. Unavaa nguo moja, huwezi kuweka nyingine chini yake, na huwezi kujibandika utepe mwilini bila idhini. Mnaoogelea baharini au ziwani, huko kanuni za urefu wa nguo ni tofauti, msizichanganye na hizi za bwawa.

Hebu nifanye jambo dogo mbele yenu. Naiweka hii nyeusi mdomoni, napuliza. Mnaona mashavu yanavyovimba? Hewa haina pa kupita. Sasa hii ya kitambaa: nikiivuta kidogo na kupuliza, naihisi pumzi yangu kwenye kiganja upande wa pili. Kipimo rasmi hufanyiwa maabara, hiki ni cha kuwaonyesha tu. Uthibitisho wenyewe ni hii lebo ndogo upande wa nyuma, yenye alama ya kuidhinishwa na namba yake. Kwenye nguo nyingi mtaona imeandikwa FINA. Hilo ni jina la zamani la shirikisho la dunia, ambalo mwishoni mwa 2022 lilibadilishwa kuwa World Aquatics. Shirikisho linatoa orodha ya nguo zilizoidhinishwa, kila mtu anaweza kuiangalia. Ukinunua kwa mtu, omba picha ya lebo hiyo kabla hujatoa pesa. Kama imekatwa, achana nayo, hata kama muuzaji anaapa.

Sisi wa kundi la Masters, yaani waogeleaji watu wazima, ambao kwenye mashindano ya dunia tunaanzia miaka 25 na kupangwa kwa rika za miaka mitano mitano, tusome pia tangazo la kila shindano. Mashindano madogo ya klabu mara nyingine hayaulizi lebo, makubwa yanauliza. Na anayejisitiri mwili kwa ajili ya dini, au mwenye sababu ya kiafya, aandike kwa waandaaji mapema na apate jibu kwa maandishi. Vyama vingine vya taifa vinatoa ruhusa kwa hali kama hizo, lakini asubuhi ya mashindano kando ya bwawa si mahali pa kuanza kuiomba.

Haya, tuje kwenye mwili.

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kununua nguo kwa ajili ya mwili aliokuwa nao akiwa na miaka 22. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kifua, kiuno na nyonga, na kwa wanawake pima pia mzunguko wa kiwiliwili: kutoka juu ya bega, ukishuka mbele, kupita katikati ya miguu, na kurudi bega lile lile kwa nyuma. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoamua mambo, na watu wengi hawajawahi kukichukua. Wanawake wawili wenye nyonga sawa wanaweza kuhitaji saizi tofauti kwa sababu mmoja ana kiwiliwili kirefu.

Ukishaivaa, inua mikono juu, kiganja juu ya kiganja, kama unayesukuma ukuta baada ya kugeuka. Vuta pumzi mpaka mwisho. Kama pumzi inakatika katikati, nguo ni ndogo, na haitakuwa kubwa siku ya mbio. Kisha chuchumaa kama uliye jukwaani. Mapaja yakianza kufa ganzi baada ya dakika chache, ni ndogo. Kinyume chake, ukiona mikunjo kiunoni, au kitambaa kinaacha nafasi pale mgongo unapoingia ndani, ni kubwa, na nafasi ile itajaa maji ukiruka. Wanaume, angalieni mpira wa kiuno: ukiweza kupenyeza ngumi, bwawa zima litaingia humo.

Vitambaa navyo vina tabia. Vilivyofumwa kwa kukaza, ambavyo havivutiki sana, vinabana mwili kwa nguvu na vinawafaa wenye mbio za mita 50 na 100. Vinavyovutika vinasamehe zaidi. Mtu wa mita 400 au 800, na hasa mtu wa mtindo wa chura ambaye nyonga zake lazima zifunguke, mimi namshauri achukue kinachovutika. Nimewaona watu wazima wakilipa pesa nyingi kwa nguo ngumu kuliko zote dukani, halafu teke lao la chura likafa katikati ya urefu wa pili wa bwawa.

Na kama ni shindano lako la kwanza, sioni haja ya nguo ya gharama. Nguo ya kawaida iliyoidhinishwa, mpya, iliyokukaa sawasawa, itakusaidia kuliko nguo ya mazoezi iliyolegea na kubeba maji. Tofauti kubwa iko hapo, kati ya inayokaa na inayobeba maji. Tofauti kati ya nguo mbili za bei kali ni ndogo mno kwetu sisi.

Kuvaa kwenyewe ni kazi, niruhusuni nikae hapo kidogo. Tenga dakika 20 au zaidi. Nenda msalani kwanza. Kata kucha, vua pete, ngozi iwe kavu, usipake mafuta asubuhi hiyo. Vaa mfuko laini wa plastiki mguuni ili kitambaa kiteleze, kisha uutoe. Usishike pindo la juu na kuvuta kwa hasira. Bana kitambaa kwa nyama ya vidole, pandisha kidogo, sogea, bana tena, mguu huu na ule kwa zamu. Mwanamke akifika mabegani akaona kamba hazifiki, tatizo huwa liko chini: kitambaa hakijapanda vya kutosha kwenye mapaja na makalio. Rudi chini, panda upya, kamba ziwe za mwisho, na uwe na mwenzako wa kukusaidia. Rafiki yangu mmoja aliingiza ukucha wa kidole gumba pajani zikiwa zimebaki dakika chache kuitwa. Tulisikia tu sauti ya kitambaa kikipasuka, akanyamaza, akaketi.

Kwa hiyo ijaribuni mazoezini mara moja kabla ya siku yenyewe: miruko miwili, migeuko michache, basi. Klorini inakula nyuzi zinazofanya kitambaa kivutike, msiifanye nguo ya kila siku. Isuuze kwa maji baridi, usiikamue, itandaze kivulini.

Sasa naomba mzipitishe hizi mbili mkono kwa mkono, kuanzia safu ya mbele. Zipulizeni, zivuteni, kisha zigeuzeni nyuma mtafute lebo. Kwenye hii nyeusi hamtaikuta.