Kikombe cha Eliya: Wayahudi na ukombozi uliopita na ujao

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa mliokosa viti mkakubali kusimama.

Nianze na neno letu wenyewe. Mtu akibanwa na shida huweka shamba rehani, au mkufu wa mkewe. Siku akipata fedha hasemi anakwenda kununua mkufu, anasema anakwenda kuukomboa. Cha mwenzako unakinunua. Kilicho chako ndicho unachokikomboa. Nawaomba mlishike hilo, maana Kiebrania nacho kina neno la jinsi hiyo, nalo lilizaliwa shambani kabla ya kuingia hekaluni. Torati, katika Walawi 25, yasema ndugu yako akifilisika akauza sehemu ya ardhi yake, jamaa yake wa karibu aje ailipie irudi. Akifikia hata kujiuza mwenyewe kwa mgeni, jamaa aje amtoe. Jamaa huyo huitwa goeli. Boazi katika kitabu cha Ruthu alikuwa goeli. Basi Mungu anapomtuma Musa aseme, "Nitawakomboa," Mwisraeli anayeijua sheria ile anamsikia jamaa wa karibu amekuja kuchukua watu wake waliokaa rehani kwa Farao.

Sasa swali lililonileta mbele yenu: je, jambo hilo lilikwisha? Mkimuuliza Myahudi anayeshika sala, majibu yake mtayapata katika nyakati za vitenzi. Kila asubuhi na kila jioni, baada ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja, husoma baraka ya kutoka Misri, na baraka hiyo hufungwa kwa maneno "aliyekomboa Israeli". Kisha husimama kwa sala kuu, na hafiki mbali kabla ya kumtaja Mungu "anayekomboa Israeli". Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Rava, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4, ameipanga waziwazi katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya marabi. Na asubuhi sheria inataka baraka ile ya ukombozi iunganishwe na sala inayofuata bila maneno ya kando kupita katikati. Kilichopita kinamsukuma mtu moja kwa moja hadi kwenye kuomba kijacho.

Mimi ni mwalimu wa lugha, mtanisamehe nikikaa hapa kidogo. Kiswahili chetu kina kiambishi kizuri sana, -me-. "Mgeni alifika" na "mgeni amefika" si habari moja. Huyu wa pili bado yupo sebuleni. Pasaka ya Wayahudi yote inaishi ndani ya -me-. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zao, yasema katika kila kizazi mtu ni lazima ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Na baraka ya usiku wa sikukuu hiyo humshukuru Mungu "aliyetukomboa sisi, akawakomboa na baba zetu". Tazameni mpangilio: sisi tumetangulia, baba zetu wamefuata.

Niliwahi kukaribishwa kwenye meza ya Pasaka hiyo, mbali na nyumbani. Mbele ya mwenye nyumba palikuwa na mikate mitatu isiyotiwa chachu, myembamba, imebabuka madoa ya moto. Akauchukua wa katikati akauvunja. Ukalia kama kijiti kikavu. Kipande kidogo akakirudisha mahali pake, kikubwa akakiviringisha kwenye kitambaa na kukificha. Tukasimuliwa utumwa, tukala mboga chungu hadi machozi yakatulenga, ikaja supu, ikaja nyama, na bado chakula hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha mpaka watoto walipokipata kile kipande na kila mmoja akala kidogo. Zaburi za sifa nazo hukatwa vivyo hivyo. Ya 113 na ya 114, yenye habari za Israeli kutoka Misri, husomwa kabla ya chakula. Kuanzia ya 115 huimbwa baada ya kula, na hapo macho ya watu yameshageukia siku zijazo.

Wazee wao hawakukubaliana juu ya baraka ile ya usiku wa Pasaka, na mabishano hayo nayapenda kuliko yote. Hekalu la Yerusalemu liliteketezwa na Warumi mwaka 70. Kizazi kilichofuata kilikuwa na rabi wawili, Tarfon na Akiva. Tarfon alitaka baraka ikomee Misri: ametukomboa, basi. Akiva akasema hapana, tuongeze: ndivyo utufikishe kwenye sikukuu nyingine zijazo kwa amani, tukifurahia kujengwa kwa mji wako. Hebu fikirini, mji wenyewe ni magofu, naye anaagiza furaha ya kujengwa kwake. Maneno ya Akiva ndiyo yaliyoshinda. Yanasomwa hadi leo.

Lakini tumaini lile lilikuwa na gharama yake. Simon bar Kokhba alipoongoza uasi dhidi ya Roma, mwaka 132 hadi 135, Akiva alimtaja kuwa mfalme Masihi. Mwenzake akamjibu: Akiva, nyasi zitaota mashavuni mwako na mwana wa Daudi atakuwa hajaja. Uasi ulivunjwa, watu wakafa kwa wingi mno. Nawaheshimu wale waliohifadhi maneno ya wote wawili bila kufuta kosa la mkubwa wao.

Ndiyo maana Talmudi ina tahadhari nyingi katika jambo hili. Rabi Yehoshua ben Levi, inasimuliwa, alimuuliza Eliya atampata wapi Masihi. Akaelekezwa lango la Roma, miongoni mwa maskini wagonjwa. Atamjuaje? Wengine hufungua vidonda vyao vyote kwa pamoja, kisha huvifunga. Yeye hufungua kimoja, akakifunga, ndipo akaenda kingine, maana husema: huenda nikaitwa, nisije nikachelewa. Rabi akamwendea, akamuuliza, "Bwana wangu, unakuja lini?" Akajibiwa, "Leo." Siku ikapita. Akarudi kwa Eliya akilalamika kwamba amedanganywa, naye akamfafanulia kwa zaburi: "Leo, mkiisikia sauti yake."

Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria aliyefariki mwaka 1204 baada ya kuishi miaka mingi huko huko Misri, aliitoa habari hii mawinguni. Kwake Masihi ni mfalme wa kawaida, mtu wa damu. Hatakiwi kufanya miujiza, na ulimwengu utakwenda na desturi yake. Wengine wamengojea makubwa zaidi. Na tangu dola la Israeli lilipotangazwa mwaka 1948 wamegawanyika: wako wanaoliombea kama mwanzo wa kuchipua kwa ukombozi, na wako Wayahudi wacha Mungu wanaoona ni kumtangulia Mungu njiani.

Hapa kwetu pia yapo ya kusimulia. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, wakawa wanasali kwa kujificha. Kampala ilipoanguka mbele ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, ilikuwa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ilikuwa inaingia. Wenye baba na wajomba waliopigana vita ile mpo humu ukumbini. Jioni ile kule Mbale haikuwa kazi kubwa kwa mtu kujiona ametoka Misri.

Nirudi mezani, maana usiku haujaisha. Katika Kutoka 6 Mungu anaahidi: nitawatoa, nitawaokoa, nitawakomboa, nitawatwaa. Vikombe vinne vya divai hunywewa kwa ahadi hizo nne. Halafu ipo ya tano: nitawaingiza katika nchi. Kikombe chake hujazwa mpaka ukingoni, kikaitwa cha Eliya, mtangulizi wa Masihi, na hakuna anayekigusa. Mtoto hutumwa kufungua mlango. Usiku ule niliokuwapo baridi iliingia, mishumaa ikayumba, na sote tukasimama tukitazama giza la nje.

Mlango ulipofungwa wakaimba, na mwisho kabisa wakasema, "Mwaka ujao Yerusalemu." Nilijiuliza wanaoishi Yerusalemu kwenyewe husema nini. Nao husema, wakiongeza neno moja tu: "Mwaka ujao katika Yerusalemu iliyojengwa."