Vidonda vya kulalia: kumgeuza mgonjwa na kusafisha kidonda

Karibuni watazamaji. Leo tupo Ngamiani, Tanga, chumbani kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Dawa tuiache kwanza, tuanze na godoro. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu ikafa, mara nyingi ndani kwa ndani, ngozi ingali nzima. Kidonda cha ukubwa wa shilingi kinaweza kuficha shimo.

Kagueni kisogo, mabega, mfupa wa juu ya matako, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisheni mgongo wa kiganja, hivi. Pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, au pameiva zambarau, asipalalie tena. Msipachue, mtaiponda nyama iliyokwisha umia.

Tumgeuze. Watu wawili, mmoja kila upande, mnyanyueni kwa shuka. Mkimburuta ngozi itachunika. Mlazeni mshazari, nyuzi 30 hivi, mto mgongoni, asiulalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu. Tazameni hapa: karatasi inapita chini ya kisigino bila kugusa. Ngata ya khanga chini ya matako iondoeni. Wengi huiweka kwa nia njema, lakini inakaba damu pembeni.

Geuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia: saa moja kulia, saa tatu chali, saa tano kushoto. Ratiba ibandikwe ukutani. Shuka likilowa jasho au mkojo, badilisheni papo hapo; kwa joto letu hili ngozi hulainika upesi.

Kama kimeshatoboka, chemsheni maji lita 1 na chumvi vijiko 2 vya chai vya kusawazisha, yapoe, kisha mimineni taratibu. Spiriti hapana, inaua nyama changa. Mnaona punje hizi nyekundu, kama komamanga? Ndiyo nyama mpya na vishipa vyake. Zikisuguliwa zinavuja damu. Kidonda hujaa kutoka chini, halafu ngozi hutambaa kutoka kingoni. Funikeni kwa shashi safi iliyoloweshwa maji hayo na kukamuliwa. Ikiganda, ilowesheni kabla ya kuibandua.

Harufu kali, homa, usaha, gamba jeusi au mfupa kuonekana: hospitali siku hiyohiyo, wala msikate gamba wenyewe.

Kikifunga, kovu halirudi kwenye nguvu ya ngozi ya awali hata baada ya mwaka. Ratiba msiibandue.