Fremu ya Kaboni na Hewa ya Chumvi
(Mhadhara kwa mafundi na waendesha baiskeli, Mtwara mjini)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Nashukuru mmekuja, maana jua la saa tisa la hapa kwetu mnalijua wenyewe, na wengine nimewaona mmeingia kutoka Mikindani kwa pedeli, mashati yamelowa chapa.

Mezani kuna fremu mbili. Hiyo yenye kutu kwenye maungio ni ya chuma, imetoka kwenye baiskeli ya mizigo, imebeba madumu ya maji na magunia ya korosho miaka mingi kuliko umri wa vijana wengi humu. Hii nyeusi ni ya kaboni. Mzee wangu hapo mbele, nisaidie kuinyanyua. Kwa kidole, mzee. Kidole kimoja. (Kicheko.) Haifiki kilo moja na robo. Sasa niwape siri yake: hii nyeusi ni mgonjwa. Rangi nzima, inang'aa, lakini kuna mahali imeumia kwa ndani. Hatutawanyiki mpaka mmoja wenu apaone.

Mimi riziki yangu imetoka kwenye boti za faiba. Nimechanganya rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda, na kulaza mati, yale matandiko ya nyuzi za kioo, tangu nikiwa kijana, na ndiyo maana nimeombwa niseme juu ya kaboni, kwa sababu kaboni ni ndugu wa damu wa faiba ya boti. Tofauti yao ni uzi. Boti ina uzi wa kioo, hii ina uzi wa kaboni.

Uzi wenyewe unatoka wapi? Unaanza kama uzi wa plastiki, mweupe, wa ukoo mmoja na ule unaofumiwa masweta. Unapashwa moto hewani kwa nyuzijoto 200 hadi 300 mpaka unageuka mweusi, kisha unaingizwa kwenye tanuru lisilo na oksijeni, zaidi ya nyuzijoto 1,000. Mchoma mkaa yeyote wa huku anaelewa hapo: ukibana hewa, kuni haiwi majivu, inabaki kaboni. Unachopata ni uzi mwembamba mno, wa mikroni 5 hadi 7 hivi, chini ya moja ya kumi ya unene wa unywele. Edison aliunguza nyuzi za pamba na mianzi kwa ajili ya taa zake miaka ya 1879 na 1880, lakini zile zilikuwa dhaifu. Uzi wenye nguvu ulikuja baadaye: Roger Bacon huko Marekani mwaka 1958, kisha Akio Shindo wa Japani, ambaye ndiye aliyeanza na huo uzi wa plastiki ninaousema.

Lakini uzi peke yake ni kamba. Kamba ukiivuta inakushinda, ukiisukuma inakunjika. Ili isimame inahitaji gundi ya kuishika, na gundi hiyo ni epoksi. Basi fremu ni nyuzi na epoksi, tabaka juu ya tabaka, zimebanwa ndani ya kalibu na kuivishwa kwa moto. Hapo wachonga vinyago watanielewa upesi kuliko wahandisi. Ukishika kipande cha mpingo, unatazama kwanza nyuzi zimelala wapi, kwa sababu mti uleule unaokataa patasi upande huu unapasuka kirahisi upande ule. Kaboni ni hivyohivyo, ila hapa mti unautengeneza mwenyewe. Tabaka moja unalilaza kufuata bomba, lingine mshazari kwa pembe ya digrii 45 ili lizuie kujipinda, lingine linazunguka bomba. Pale pedeli zinapozungukia unajaza tabaka liwe gumu. Kwenye vibomba vya nyuma vinavyopanda kuelekea siti unapunguza, ili vinyumbuke kidogo na mgongo wako ushukuru. Chuma hakikupi uhuru huo, kwani chuma ni kilekile pande zote.

Huo ndio utamu wake halisi. Watu wanasifia wepesi, na mimi sibishi, epoksi yenye kaboni ina uzito wa gramu 1.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, alumini 2.7, chuma karibu 7.9. Lakini tupige hesabu ya sokoni. Wewe na baiskeli yako mna kilo 80. Ukibadilisha fremu na vikorokoro ukapunguza kilo 2, umepunguza asilimia mbili na nusu. Ukipanda kwenda Newala utazihisi, tena utashukuru. Kutoka Shangani kwenda Mikindani hutazihisi hata kidogo. Matairi mazuri yenye upepo sahihi yatakusaidia zaidi. Anayewaambia vingine ana fremu ya kuuza.

Kwa wenye mashindano ni habari nyingine. Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 1986 juu ya fremu ya kaboni, na mwaka 1992 Chris Boardman akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Barcelona juu ya baiskeli ya Lotus iliyokuwa na umbo kama papa. Baada ya hapo chuma kikaanza kuaga. Mambo yakafika mahali chama cha baiskeli cha dunia kikaweka kiwango, baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Tuyaache hayo.

Swali mlilonitumia kabla ya leo lilikuwa moja: inadumu? Wengi mmeandika kana kwamba jibu mnalo tayari, kwamba ni kitu cha Wazungu, kinavunjika kama sahani.

Niwaambie kilichotokea Ujerumani mwaka 1997. Jarida moja la baiskeli lilichukua fremu 12 za bei kubwa likazifunga kwenye mashine ya kuzichosha, inakanyaga, inaachia, inakanyaga, maelfu kwa maelfu ya mara. Fremu tatu tu ndizo zilizomaliza bila kupasuka. Mbili za alumini, moja ya kaboni. Za chuma zilipasuka zote, na za titani pia. Mkisikia hivyo msikimbilie kushangilia, maana humo humo mlikuwamo fremu nyingine ya kaboni nayo haikumaliza. Mimi nalichukulia hivi: kuchoka kwa fremu kunategemea zaidi aliyeichora na aliyeilaza kuliko alichoitengenezea. Lakini kaboni iliyolazwa vizuri, katika kazi ya kukanyagwa na kutikiswa kila siku, haichoki ovyo. Alumini kila mtikisiko inauhesabu, hata uwe mdogo. Kaboni mitikisiko midogo inaisahau.

Na jua? Hili naulizwa kila mara. Epoksi ikishaiva haiyeyuki tena. Yai lililochemka halirudi kuwa bichi. Za fremu nyingi huivishwa kwenye nyuzijoto 120 na kuendelea, na fremu iliyoachwa juani Mtwara haifiki huko. Kinachoumiza ni mwanga wenyewe, unaifanya epoksi ipauke na kutoa unga, kama boti iliyotelekezwa ufukweni. Ndiyo maana rangi ya juu ni ngozi. Ikikwaruzwa, ipake.

Chumvi ndiyo yenye hadithi. Kaboni haishiki kutu, hilo ni kweli, na nilipoinunua yangu, iliyotumika, nilijisifu kwa majirani kwamba nimemaliza vita na bahari. Bomba la siti lilikuwa la alumini. Nikalichomeka, nikaendesha, sikuligusa msimu mzima. Siku nataka kulipandisha, halitoki. Nimelipiga maji ya moto, nimelizungusha na jamaa wawili, halitoki. Ukingoni umeota unga mweupe. Fundi mwenzangu akanicheka: wewe mtu wa boti, hujui betri? Kaboni inapitisha umeme. Ukiigusanisha na alumini, katikati ukapita unyevu wa chumvi, umetengeneza betri, na anayeliwa ni alumini. Unga wake unavimba na kubana kama kabari. Nililitoa kwa msumeno, vipande vipande, kutoka ndani, siku mbili. Tangu hapo bomba langu la siti ni la kaboni, na hata hivyo nalitoa kila baada ya miezi miwili nalifuta. Mnaokaa Msimbati, Mikindani, Shangani, Lindi kule Mitwero, hilo lishikeni kuliko yote niliyosema.

Sasa ubaya wake, maana upo. Chuma kikizidiwa kinapinda kwanza. Kinakuonya. Unaona uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, umerudi nyuma, unampelekea fundi wa kuchomelea, na fundi huyo yupo Nanyamba, yupo Tandahimba, yupo kila penye mashine ya umeme. Kaboni haipindi. Inavumilia, inavumilia, halafu inakatika. Na haipendi vitu viwili: kugongwa sehemu moja ndogo, na kubanwa. Imetengenezewa mizigo inayopita njia iliyopangwa. Jiwe linaloruka likaipiga ubavuni halimo kwenye mpango. Tabaka zinaachana ndani, rangi inabaki nzima. Kwa hiyo ukisafiri na baiskeli yako kwenye basi la Masasi, usikubali ilazwe chini ya magunia. Usiifunge keria ya vibano. Na nati ya siti isikazwe kwa hasira: mara nyingi imeandikwa kipimo cha kukaza, nyutoni mita 5, ambazo ni nguvu ya mkono wa mtoto kwenye spana fupi. Mafundi wetu wamezoea kukaza mpaka nati ilie. Siwalaumu, chuma ndicho kilichowafundisha. Nunueni spana yenye kipimo, hata moja mchangie watano. Grisi pia hapana. Kuna uji maalumu wenye chembechembe kama mchanga, unafanya bomba lishike bila kukazwa sana.

Kijana hapo nyuma ameuliza ikivunjika ndiyo basi? Hapana, na hapa ndipo mimi mtu wa boti napata la kusema. Unaisaga sehemu iliyoumia kwa mshazari, tabaka baada ya tabaka, mpaka ufike penye uzima. Unalaza nyuzi mpya kwa mwelekeo uleule wa zile za zamani, unabana, unaivisha. Kazi hiyo mafundi wa faiba wa hapa mikono yao inaijua nusu tayari. Nusu wasiyoijua ni hii: msilete rezini ya boti. Ile ni poliesta, haishikani vizuri na kaboni iliyokwisha iva. Tumieni epoksi, na vipimo vyake vya kuchanganya havikadiriwi kwa jicho, vinapimwa kwa mzani. Vaeni barakoa, vumbi la kaboni si la kuvuta. Na uma, pamoja na shina lake linaloshika usukani, msitengeneze. Ubadilisheni. Bomba la fremu likirudi kupasuka, mara nyingi unapata nafasi ya kusimama. Uma ukikatika, unapokewa na meno.

Nitaje na korosho, maana kuja Mtwara bila kuitaja ni utovu wa adabu. Mafuta ya ganda lake, yale yanayobabua mikono ya kina mama wanaobangua, yana kemikali iitwayo kadanoli, na kutokana nayo viwandani hutengenezwa vigumishi vya epoksi, yaani dawa ya kuifanya igande, hasa vya rangi za meli, kwa kuwa vinaiva hata penye unyevu. Fremu za baiskeli kwa kawaida zinatumia vigumishi vingine, sitaki kuwadanganya. Lakini kila nikiona ganda linatupwa kama takataka, mimi naona ndoo ya gundi.

Haya. Nani ana sarafu? Shilingi mia, mia mbili, yoyote. Njoo binti, wewe. Gonga polepole, anzia huku kwenye kichwa cha fremu, shuka na bomba la chini, sentimita kwa sentimita. Wengine kimya, zimeni hiyo feni. Mnasikia? Ting, ting, kama bilauri. Kaboni nzima inalia kavu namna hiyo. Njia hii haigundui kila kitu, na fremu iliyopata ajali kubwa inataka vipimo vya mashine, lakini masikio hayauzwi. Endelea. Usiruke. Ting, ting... Hapo. Rudi nyuma kidogo. Gonga tena hapohapo, mzee naye asikie.