Aliyesaini Ndiye Athibitishe

Ndugu wasikilizaji, nianze na kesi ya tramu, yale magari ya abiria yanayopita kwenye reli barabarani. Mwaka 1889, Baraza la Malodi la Uingereza, wakati huo mahakama ya juu kabisa, liliamua kesi ya Derry dhidi ya Peek. Kampuni ya tramu ya Plymouth ilitangaza katika waraka wake wa matarajio, yaani waraka wa kuwaalika watu wanunue hisa, kwamba ina haki ya kutumia mvuke badala ya farasi. Kumbe haki hiyo ilihitaji kibali cha serikali, nacho kilikuwa hakijatoka. Sir Henry Peek akanunua hisa kwa kuyaamini maneno hayo. Kibali kikakataliwa, kampuni ikavunjwa, naye akaenda kudai fidia. Akashindwa! Malodi walisema wakurugenzi waliamini kwa dhati walichoandika, na anayeamini anachosema hahesabiwi tapeli, hata kama hakuchunguza.

Sasa jiulizeni, mwekezaji atauthibitishaje uongo uliomo moyoni mwa mtu? Vikaoni hayumo, barua za kampuni hazioni, vitabu vya hesabu havigusi. Alicho nacho mkononi ni ule waraka tu.

Bunge halikukawia. Mwaka 1890 lilipitisha sheria ya dhima ya wakurugenzi na kuuhamisha mzigo: waraka ukiwa na taarifa ya uongo, mkurugenzi ndiye aeleze alikuwa na sababu gani za maana za kuiamini. Marekani ikaenda mbali zaidi mwaka 1933, soko la hisa lilipokuwa limeporomoka tangu 1929. Huko, kampuni iliyouza hisa inawajibika hata kama haikukusudia kudanganya. Wakurugenzi wake wanaponea wakionyesha kwamba walichunguza ipasavyo.

Wapo wanaosema ukali huu utawakimbiza watu wema wasikubali ukurugenzi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tunachomtaka mkurugenzi ni kuuliza kabla ya kusaini: kibali kiko wapi? Nani amezikagua hesabu hizi? Asiyeweza kuuliza hayo asishike fedha za watu.

Baada ya Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, kuanguka mwaka 2001, ikiwa imeficha madeni katika kampuni za pembeni, sheria ya Marekani ya 2002 iliwalazimisha mtendaji mkuu na mkuu wa fedha kuzithibitisha taarifa za fedha za kampuni kwa saini zao. Anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Ni vyema, lakini kifungo hakimrudishii mstaafu akiba yake. Kwa hiyo nasisitiza dai la fidia: mwenye hisa kumi aweze kuungana na wenzake, wamshtaki aliyesaini, na mali yake mwenyewe ilipe.