Bei ya Kukosea

SALUM: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia namna mtu anavyopata ujuzi mpya kwa kukubali kukosea. Mwenzangu Dada Zuhura amekuwa akijifunza ushonaji tangu mwaka jana, kwa hiyo nitaanza naye.

ZUHURA: Ahsante, Kaka Salum. Wiki mbili za mwanzo fundi wangu hakuniruhusu kugusa kitambaa. Alinipa karatasi za mifuko ya saruji, akachora mistari kwa kalamu, akauchomoa uzi kwenye sindano, kisha akaniagiza nikanyage cherehani nikiifuata mistari hiyo. Cherehani ya mguu ina ukaidi wake: mguu na mkono visipopatana, gurudumu hurudi nyuma, na kama kuna uzi, hukatika papo hapo. Kwenye karatasi hapakuwa na uzi wa kukatika, palikuwa na matundu tu, na kila nilipopinda matundu yalinisema.

SALUM: Kumbe fundi hakukuzuia kukosea, bali alikushushia bei ya kosa.

ZUHURA: Ndivyo hasa. Huwa tunaambiwa tusiogope kukosea, lakini mtu aliyeshika mkasi juu ya kitenge cha mteja ana kila sababu ya kuogopa, na mimi simlaumu. Atafutiwe kwanza mahali ambapo kosa lake halimgharimu mtu.

SALUM: Hapo namkumbuka Julius Yego, Mkenya wa Nandi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube za warusha mkuki mashuhuri kama Jan Železný wa Ucheki, katika nchi ambayo vijana wengi wa riadha hukimbilia mbio. Kwenye fainali ya Olimpiki ya London mwaka 2012 alishika nafasi ya 12 siku ile. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia ya Moscow, akawa wa nne, na mwaka 2015 mjini Beijing akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia.

ZUHURA: Habari zake nazipenda, ila naona tunaitukuza mno ile video. Video humwonyesha mtu mrusho wa mwingine, haimwonyeshi kiwiko chake mwenyewe kilivyoshuka. Hilo hulijua kwa kurusha, kuufuata mkuki ulikoangukia, na kurusha tena. Isitoshe, mchezo wenyewe una huruma, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mrusho bora, na ile mibaya haimpunguzii mchezaji hata sentimita moja.

SALUM: Ilhali mkasi hauna huruma hiyo.

ZUHURA: Hauna kabisa. Kitambaa kilichokatwa kikawa kidogo hakirefuki, na ndiyo maana hata mafundi wa miaka mingi huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili nguo ikibana iweze kufumuliwa na kutanuliwa. Nilidhani ziada ile ni ya wanafunzi, kumbe kazi yenyewe inajua kwamba fundi atakosea, au mteja atanenepa.

SALUM: Na wewe, lipi lilikuwa kosa lako kubwa?

ZUHURA: Blauzi ya mama. Kitenge chake kilikuwa kimechapwa upande mmoja tu, nami nikakata mikono miwili kwa kufuata kielelezo kilekile bila kukigeuza na bila kukunja kitambaa, nikajikuta na mikono miwili ya kushoto. Kingekuwa kitenge kinachofanana mbele na nyuma, ningeugeuza mmoja nikanyamaza.

SALUM: Fundi alisemaje?

ZUHURA: Hakusema kitu, alinipa karatasi nyingine ya saruji, akaniambia nikate jozi kumi za mikono kabla ya kwenda nyumbani.

SALUM: Na blauzi?

ZUHURA: Haina mikono. Mama anaivaa siku za joto, na jirani yake ameshaniomba nimshonee kama ile.